Vipande vya Pareto

Jumapili, 11 Novemba 2007

Naandika nyuma ya kadi za harusi. Hapa kiwandani kwetu hakuna karatasi inayotupwa. Kazi ikishachapwa na kukatwa, Joash wa mashine hukusanya mabaki, huyapanga, huyapaka gundi upande mmoja, na Jumamosi kila mfanyakazi hupewa padi yake. Wenzangu huandikia orodha za sokoni. Mimi naishi peke yangu na orodha yangu naijua kwa moyo, kwa hiyo nimeamua kuandika siku zangu. Mgongoni mwa kila ukurasa kuna nusu ya jina la bibi harusi.

Leo nimeshinda kwenye stoo ya nyuma, ambayo wamezifunika kuta zake kwa trei za mayai, nikisikiliza bendi ikirekodi. Ni watatu. Tarun, mpwa wa Bwana Gopal mwenye kiwanda, anapiga gitaa alilolegeza nyuzi mpaka linakoroma kama lori linalopanda kutoka Mai Mahiu. Mwaura anapiga besi na kuimba, ikiwa kule ni kuimba. Kiptanui yuko kwenye ngoma. Wanajiita Vumbi Jeupe, kwa ajili ya lile vumbi la magadi linalotoka ziwani wakati wa kiangazi.

"Madam karani, umeziba masikio?" Kiptanui aliniuliza.

"Hapana."

"Basi ziba. Nyimbo hizo zingine tulikuwa tunasalimia tu."

Nilicheka. Sikumbuki nilicheka lini kabla ya hapo.

Jumatano, 14 Novemba

Mvua kidogo. Nimesahihisha prufu za mitihani kutwa. Sikuongea na mtu ila kondakta.

Jumapili, 25 Novemba

Nilikuwa nadhani wanaiga tu kaseti ambazo binamu yake Tarun huleta kutoka Uingereza. Kaseti hizo zipo, na ule uzito wa gitaa umetoka huko, hawafichi. Lakini leo nimeijua sheria yao, na tangu niijue nawasikia tofauti. Sheria ni moja: hakuna kupiga cha kwenu. Kinachotoka nyumbani kwa mmoja lazima kipigwe na mwingine, na huyo mwingine lazima aende akafundishwe na mwenyewe.

Kwa hiyo besi ya Mwaura katika wimbo wa tano ni kinubi cha babake Kiptanui, na Mwaura alikaa siku nne Olenguruone akikisikiliza. Sauti anayoanzia wimbo wa pili ni ya Mama Bhagwanti, mamake Tarun, anavyoimba asubuhi mbele ya kinanda chake cha mkono. Tarun naye anapiga kwa gitaa nyimbo za kuchuma pareto alizofundishwa na shangazi zake Mwaura, na ndiyo sababu albamu yote inaitwa Pareto.

Lakini wimbo wenyewe wa Pareto ni wa ngoma. Nyanyake Mwaura, ambaye Mwaura humwita shosho na sisi wengine Cucu Wachuka, ni Mkorino wa Mau Narok, wa lile kanisa la vilemba vyeupe, na amepiga ngoma kanisani miaka arobaini. Kiptanui alienda kwake mara tisa. Alivua viatu, akakaa chini, na kila mkono wake wa kushoto ulipochelewa Cucu aliugonga kwa mwiko.

"Nilikuwa na kovu," Kiptanui alisema, akinionyesha kifundo kisicho na kovu.

"Muongo huyu," Mwaura alisema. "Lakini nikwambie ukweli, Namalwa, hakuna Mkikuyu anaipiga hivyo hapa Nakuru. Hata mimi siwezi."

Walipoupiga, meza ilitetemeka na kikombe changu cha chai kikatembea hadi ukingoni. Sikukishika. Nilitaka kuona kama kitaanguka.

Jumatatu, 3 Desemba

Wameniomba niandike maneno ya karatasi ya ndani ya kasha la CD. "Wewe ndio unaandika bila makosa," alisema Tarun. Wanataka chini kabisa pawe na sehemu inayosema kila kitu kimetoka kwa nani na wapi.

"Jina na kwao," Mwaura alisema. "Usiache mtu. Shosho hajawahi kuandikwa mahali, isipokuwa kwa kitabu cha kanisa."

Nimeandika rasimu sita. Nimepiga simu kuhakikisha kila jina la mahali.

Ijumaa, 14 Desemba

Zimetoka, karatasi mia tano. Bado hazijakunjwa. Theluthi ya chini inasema hivi:

Tulikojifunza. Ngoma za Pareto: Wachuka, wa kanisa la Akorino, Mau Narok, mpigaji Kiptanui wa Olenguruone, mkazi wa Kaptembwa. Besi ya wimbo wa tano: babake Kiptanui, Olenguruone, mpigaji Mwaura wa Mau Narok. Sauti ya wimbo wa pili: Bhagwanti, Nakuru.

Na kadhalika, hadi shangazi wa mwisho. Hakuna kosa hata moja. Joash aliinua moja kwenye mwanga akasema, "Hii hata posta wanaweza kutumia." Nilijisikia vizuri njia nzima hadi nyumbani Langa Langa.

Alhamisi, 27 Desemba

Nimepiga kura. Foleni ndefu, jua kali. Hakuna aliyesukumana.

Jumapili, 30 Desemba

Wametangaza matokeo ya kura jioni. Mara tu baada ya kutangaza, plotini kwetu, kwenye vyumba vya kupanga, kulikuwa kimya, kisha upande wa barabara wakaanza kupiga mabati, wengine kwa furaha, wengine sijui kwa nini. Mama wa chumba cha tatu aliniuliza kwa upole, "Kwani wewe ni wa wapi vile?" Nimekaa hapa miaka miwili na hajawahi kuniuliza. Nikamwambia Bungoma. Akasema, "Aa," akarudi ndani. Nimeweka meza nyuma ya mlango.

Jumatano, 2 Januari 2008

Kiwanda kilifunguliwa nusu, mlango wa nyuma tu. Tulikuwa wawili, mimi na Joash. Redio ilitaja Eldoret, ikataja Burnt Forest, watu wanachomewa nyumba kwa ajili ya kabila. Joash alikuwa amesikia kwa dereva wa lori kwamba kuna mahali vijana wanatembea na karatasi yenye majina, nyumba kwa nyumba. Alilisema kama anayesimulia jambo la mbali. Mimi niliisikia ile karatasi kifuani.

Kwa sababu niliijua. Nilikuwa nimeiandika. Jina, kabila kwa anayejua kusoma majina, na mahali anapolala. Mara mia tano, bila kosa.

Joash alipotoka kutafuta maziwa, nilizibeba zote hadi kwenye gilotini. Sijawahi kuruhusiwa kuigusa, lakini nimemtazama akiitumia miaka miwili. Nilipanga karatasi hamsini hamsini, nikapima, nikashusha kisu. Kinashuka polepole na kwa sauti ndogo sana. Mara kumi. Theluthi za chini zikaangukia trei ya mabaki na karatasi zikabaki na picha ya maua ya pareto, majina ya nyimbo, na nafasi nyeupe pale chini.

Sikuwapigia simu kuwauliza. Hilo ndilo nataka niliandike waziwazi. Kredo ya simu ya mkononi haikuwepo madukani, lakini simu ya kiwanda ilikuwepo mezani, na sikuigusa.

Joash alirudi akasimama mlangoni na pakiti ya maziwa. Alitazama trei, akanitazama.

"Umewauliza wenyewe?"

"Nawalinda."

"Mimi sijaona kitu, madam karani," alisema. Kisha, kwa sababu mikono yake haijui kuacha mabaki, akayapanga na kuyapaka gundi. Nimekuja nayo nyumbani yote, ndani ya mfuko wa unga. Ndiyo ninayoandikia sasa. Siku hii imekula vipande vitano.

Jumamosi, 5 Januari

Kiptanui alipita kiwandani kutusalimu. Alinunua miwa njiani akatugawia. Sikumwambia.

Jumatatu, 7 Januari

Vumbi. Sikumwambia mtu.

Alhamisi, 10 Januari

Mwaura alikuja kuchukua karatasi akazikunje nyumbani, "nipate kitu cha kufanya na mikono." Alifungua pakiti juu ya meza yangu. Alichukua moja, akachukua ya pili, akachukua ya katikati.

"Hii imekatwa."

Joash aliwasha mashine ambayo haikuwa na kazi.

"Nani amekata, Namalwa?"

"Sijui."

"Nani amekuwa hapa?"

Akauliza tena, taratibu, "Kiptanui alikuwa hapa?"

"Alipita Jumamosi."

Alipita, ni kweli. Katika siku hiyo yote nilisema neno moja tu la kweli, na ndilo lililoharibu kila kitu. Mwaura alikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfukoni.

"Kwa hiyo ngoma anabaki nayo," alisema, "lakini mwenyewe wa ngoma, aende. Si ndio? Hivyo ndio wanataka kule kwao. Shamba libaki, watu waende."

"Mwaura, labda—"

"Labda nini?"

"Labda si yeye."

"Ni nani basi?"

Mashine ya Joash ilizunguka bure. Nilisema sijui mara ya pili.

Jumapili, 13 Januari

Hakuna mazoezi. Tarun alinipigia kuniuliza kama najua wamegombana nini. Mamake hamruhusu kutoka getini.

Jumatano, 16 Januari

Nimeamka nikiwa nimeamua kusema. Nimelala sijasema.

Jumamosi, 19 Januari

Hivyo hivyo.

Jumatatu, 21 Januari

Hivyo hivyo. Vumbi la ziwani limefika hadi ndani ya kabati la vikombe.

Ijumaa, 25 Januari

Sasa ni zamu yetu, Nakuru. Tulisikia kelele kabla ya saa sita. Bwana Gopal aliteremsha milango ya chuma, akatuambia tukae sakafuni mbali na dirisha, na yeye mwenyewe akakaa nasi na viatu vyake vizuri, kati ya marobota ya karatasi. Moshi ulitokea pande mbili za mji. Joash alikazia macho mlango. Anakaa Kaptembwa na mkewe yuko huko.

Saa tisa simu ya mezani ililia. Nilijivuta hadi pale kwa magoti.

"Madam karani? Ni Kiptanui."

"Uko wapi?"

"Usijali. Kuna lori la viazi, mwenyewe ananijua. Sikiza, sina muda. Mwaura alinitumia meseji nisikanyage kwao tena. Anasema nimemkata shosho yake. Wewe uko hapo kila siku. Mimi nilikata nini?"

Nyuma yake kulikuwa na watu wengi wanaoongea kwa haraka. Nilifungua mdomo. Niliona wazi kabisa lile neno nililotakiwa kusema, ni neno la herufi nne, mimi, ningelisema kwa pumzi moja.

"Uko hapo?" aliuliza.

"Niko."

"Basi mwambie shosho sikumkata. Na ngoma zangu ziko stoo, zifunikwe, vumbi linaharibu—"

Ikakatika. Nilibaki nimeshika simu mpaka Bwana Gopal akaniambia, "Rudi chini, beti."

Beti ni binti. Niliona aibu kuitwa hivyo.

Joash aliondoka na askari saa kumi na mbili kumtafuta mkewe. Mimi nililala kiwandani, juu ya marobota.

Jumapili, 27 Januari

Wanasema vurugu zimefika Naivasha. Redio imezimwa, Bwana Gopal hataki kusikia. Joash na mkewe wamefika salama, wako stoo. Nilifunika ngoma za Kiptanui kwa karatasi ya nailoni.

Jumanne, 29 Januari

Namba ya Kiptanui haipatikani.

Ijumaa, 1 Februari

Namba yake haipatikani. Mwaura amempata Cucu. Yuko Showground, uwanja wa maonyesho, kwenye mahema ya waliokimbia. Nyumba ya Mau Narok iliungua, na kanisa, na ngoma.

Jumamosi, 9 Februari

Nimeenda Showground. Nilijiambia naenda kupeleka sabuni na unga. Tarun alinipa kile chombo chake kidogo cha kuchezea CD, na mimi nikatia karatasi moja ya kasha kwenye mkoba, sijui kwa nini. Mahema ni mengi na yamepangwa kama mashamba. Niliuliza alipo nyanya mmoja mwenye kilemba cheupe, nikaonyeshwa wanawake ishirini wenye vilemba vyeupe.

Cucu Wachuka ni mdogo wa umbo kuliko nilivyomsikia. Alikuwa anachambua maharagwe kwenye kifuniko cha debe. Nilimwambia mimi ni karani wa kiwanda, rafiki wa Mwaura.

"Wewe ndiye ule wa kuandika," alisema.

Nilimvalisha visikilizio juu ya kilemba, havikukaa, akavishika kwa mikono miwili. Wimbo ulipoanza alikunja uso kama mtu aliyemwagiwa maji baridi, kwa lile gitaa, kisha ngoma zikaingia na uso ukakunjuka. Akaanza kupiga goti lake kwa viganja. Maharagwe yaliruka kwenye kifuniko.

"Huyu kijana wa Olenguruone," alisema kwa sauti kubwa, kama mtu asiyejisikia, "mkono wa kushoto bado unachelewa."

"Ndiyo, Cucu."

"Nilimwambia. Lakini ni huo mdundo. Ni wenyewe." Alisikiliza hadi mwisho, akavitoa visikilizio, akafuta kila kimoja kwa leso. "Mwaura anasema huyo kijana amenitoa kwa karatasi."

Niliokota maharagwe yaliyoruka chini.

"Kitabu cha kanisa kimeungua. Kitambulisho kimeungua. Nikaona, hata hivyo, kuna ile ya wimbo. Iko hapo?"

Niliitoa. Cucu hajui kusoma. Alipitisha kidole juu ya maua, akashuka kwenye majina ya nyimbo, taratibu, akipapasa wino, akafika ukingoni na kidole kikaendelea hewani.

"Mwaura aliniambia niko chini," alisema. "Hapa imeisha."

Kisha akanirudishia kwa adabu, kwa mikono miwili, na kuniuliza kama nimekula.

Jumapili, 10 Februari

Nimejilaza kutwa.

Alhamisi, 28 Februari

Wanasiasa wametia saini mkataba wa amani. Mtaani watu walipiga makofi mbele ya televisheni ya kinyozi. Nimefurahi, nadhani.

Jumanne, 4 Machi

Mwaura alikuja kumwomba Bwana Gopal stoo kwa Jumapili. Amepata mpiga ngoma mwingine, wa kanisa la Akorino hapa mjini. Wanataka kufuta ngoma za Kiptanui kwenye Pareto na kurekodi upya.

"Ipigwe na mwenye kwao," alisema. "Ile sheria yetu ilikuwa ya watoto."

Tarun alikuwa amesimama nyuma yake. Hakuonekana kukubali, wala hakukataa. Amekonda.

Kwa hiyo nina siku nne. Nimesikia ngoma zile mara mia. Zikifutwa hazitarudi, kwa maana mikono iliyozipiga sijui iko wapi, na zile ngoma za Mau Narok zilizoifundisha zimekuwa majivu.

Jumatano, 5 Machi

Siku tatu.

Jumapili, 9 Machi

Nilifika stoo saa mbili, kabla yao. Niliondoa ile nailoni juu ya ngoma. Nilikuwa na mfuko wangu wa unga.

Walipoingia, Mwaura, Tarun na yule mpiga ngoma mgeni, kijana mpole mwenye kilemba, nilisimama na yote niliyoyapanga yakanipotea. Nimesoma, nina diploma, na sikuweza kusema neno la herufi nne. Nikachana kwenye padi vile vipande vitano vya tarehe mbili Januari, nikampa Mwaura.

Alisoma akiwa amesimama. Alikaa juu ya spika akasoma tena. Kisha akavigeuza, kimoja baada ya kingine, na kila upande wa pili ukamwonyesha jina la nyanyake.

"Umeandika mgongoni mwa shosho," alisema.

"Ndiyo."

"Ziko ngapi hizi?"

"Zote. Mia tano. Ishirini na tatu nimeziandikia."

"Na ukanyamaza miezi miwili."

"Ndiyo."

"Ukaniacha nimwambie huyo mtu asikanyage kwetu. Siku zile, Namalwa. Alikuwa aje kujificha kwetu."

Hilo sikulijua. Nililijua hapo. Nimeliandika hapa ili nisije nikajifanya sikuambiwa.

Hakunipigia kelele. Laiti angenipigia. Alimgeukia yule kijana mpole akamwambia, "Boss, pole kwa kukusumbua. Ngoma zimesharekodiwa." Kijana alivitazama vipande mkononi mwa Mwaura, akamuaga kila mtu, akaenda zake.

Tarun alisema, "Tuziunganishe kwa gundi."

"Hapana," Mwaura alisema. "Kila kasha liwe na karatasi, na kipande chake kando. Watu waone palikatwa. Zote mia tano." Akanitazama. "Hata hizo zenye maandishi yako."

"Mwaura, tafadhali. Hizo ni zangu."

"Uliogopa tusije tukasomwa," alisema. "Basi na wewe usomwe."

Jumatano, 12 Machi

Nimenakili kila neno katika daftari la mistari, kwa sababu karani hatoi asili bila nakala. Joash na mkewe wamesaidia kukunja. Joash alisoma kidogo, akasema, "Nami nimo." Nikamwuliza kama nimwondoe. Akasema, "Wacha. Niliona."

Ijumaa, 14 Machi

Tarun amepata habari kupitia yule mwenye lori la viazi. Kiptanui yuko hai, yuko kwa babake. Hapokei simu ya mtu wa Nakuru. Mwaura amemwandikia barua ya kurasa tatu, ametumia sanduku la posta la shule ya huko, na ameniachia bahasha ikiwa wazi nitie CD na kipande.

Ningeweza kumtilia kipande kisichoandikwa. Viko zaidi ya mia nne. Nilimtilia cha tarehe kumi Januari, chenye "Sijui" mbili na "Alipita Jumamosi." Nikalamba gundi nikafunga, nikaenda posta kwa miguu.

Njiani matone makubwa ya kwanza yalianguka, machache, yakitoboa vumbi. Hakuna aliyekuwa nami wa kumwambia inanyesha.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua kutwa. Hiki ndicho kipande cha mwisho nitakachoandikia, na ni cha Cucu. Nitakipeleka kesho Showground ndani ya kasha lake, kama njia haitakuwa tope. Hatasoma nilichoandika upande huu. Atakigeuza, aweke kidole juu, ashuke nacho polepole hadi chini.